Bushi za mbele kwenye gari la zamani: bolti zikazwe gari likiwa limebeba uzito wake

Ndugu uliyeuliza, umesema kwamba gari lako la zamani linagonga upande wa mbele kila linapopita kwenye matuta, kwamba linavutwa upande mmoja unapokanyaga breki, na kwamba fundi mmoja amekushauri uondoe bushi zote za raba, yaani ile mito midogo inayoziunga amu (mikono inayoshika gurudumu) na chasisi, na kuweka za poliurethani, aina ya plastiki ngumu inayonepa kidogo. Unataka kujua kama ushauri huo unafaa, na kama kazi hii mtu anaweza kuifanya mwenyewe. Mimi ninaendesha MGB, gari la Uingereza lililotengenezwa kuanzia mwaka 1962 hadi 1980, na bushi zake za mbele nimezibadilisha kwa mikono yangu. Baadaye nimeshika kazi hiyohiyo kwenye magari mengine ya rika lake. Kwa maoni yangu kazi inawezekana, na raba nzuri inakutosha. Nitakachokisisitiza zaidi ni ukazaji wa mwisho, kwa sababu bushi nyingi mpya huharibika mapema kutokana na hatua hiyo na si kutokana na ubora wake.

Kabla hujanunua chochote, hakikisha kwamba bushi ndizo zenye kasoro. Inua gari, liweke juu ya stendi imara, kisha lishike gurudumu juu na chini na ulitikise. Ukihisi mchezo, yaani ulegevu, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kutikisa: mchezo ukipotea, angalia beringi ya gurudumu, ukibaki, angalia boli jointi (kiungo cha mviringo kinachoungia gurudumu kwenye amu), au kingpini, pini inayofanya kazi hiyo kwa magari kama langu, pamoja na bushi zenyewe. Mchezo wa kushoto na kulia mara nyingi hutoka kwenye tairodi, yaani fito za usukani. Baada ya hapo chukua mtaimbo mfupi, uupenyeze kati ya amu na chasisi karibu na bushi, na usukume kwa kiasi. Raba yoyote itanepa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yake, lakini amu haipaswi kuruka huku na huku bila kizuizi, wala bomba la ndani la bushi halipaswi kuwa limehama kutoka katikati ya tundu lake. Nyufa nyembamba zilizo juujuu hazinitishi. Raba iliyobanduka kwenye chuma, au iliyolainika na kuvimba kwa kulowa mafuta ya injini, hiyo imekwisha, na kama ni mafuta yaliyoiua, ziba kwanza mvujo huo, la sivyo utakuwa unaziandalia bushi mpya kifo kilekile.

Huko kuvutwa wakati wa breki kunaendana vizuri na dalili za bushi zilizochoka. Unapofunga breki, gurudumu hurudishwa nyuma kwa nguvu kubwa, na bushi za amu ya chini ndizo zinazolizuia lisiondoke mahali pake. Zikiwa zimelegea, pembe za gurudumu hubadilika palepale, na kwa kuwa upande mmoja huwa umechakaa kuliko mwingine, usukani nao hufuata. Hata hivyo kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) iliyokwama au mpira wa breki uliovimba kwa ndani huleta dalili hiyohiyo, kwa hiyo zungusha magurudumu yote mawili kwa mkono yakiwa juu na ulinganishe uzito wake kabla ya kuihukumu bushi.

Kuhusu poliurethani, siungani na fundi wako. Nyenzo hiyo hailiwi na mafuta kwa urahisi kama raba, hudumu, na huufanya usukani ujibu haraka. Kwa gari la mashindano ningeitumia bila kusita. Lakini bushi ya raba iliyogandishwa kwenye chuma hujipinda, na ndani yake hakuna sehemu inayoteleza, ilhali ya poliurethani lazima bomba lake lizunguke ndani yake, nalo likikosa grisi maalumu ya silikoni huanza kulia kwa sauti ambayo baada ya muda utaichukia kuliko ule mlio wa kugonga wa kwanza. Tena gari la zamani lina bodi iliyochomelewa miaka mingi iliyopita, na mitikisiko ambayo bushi imekataa kuimeza itapelekwa huko. Mahali pekee ninapokubali poliurethani bila ubishi kwenye gari la kutembelea ni bushi za stabilaiza (fito inayozuia gari lisilale kwenye kona), ambazo hazibebi uzito wa gari na ambazo kuzibadilisha tena ni kazi ya dakika chache.

MGB za kawaida zilitoka kiwandani na bushi za amu ya chini zenye vipande viwili vya raba vinavyosukumwa kutoka pande mbili za tundu. MGB GT V8, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1973 hadi 1976, ilipewa bushi ya kipande kimoja yenye raba iliyoshikamana na chuma, nayo huingia kwenye amu za kawaida. Wamiliki wengi wameihamia na mimi ni mmoja wao, kwa sababu inashika gurudumu vizuri zaidi bila kuufanya mwendo uwe mgumu. Chunguza kama gari lako nalo lina toleo la baadaye au zito zaidi ambalo bushi zake zinaingia kwako. Jihadhari pia na vipuri vya zamani vilivyokaa rafuni kwa miongo kadhaa na vinavyouzwa kwa fahari ya kuwa ni vya asili: raba huzeeka hata isipotumika, na boksi zuri halizuii jambo hilo.

Sasa tuje kwenye springi, ambayo ndiyo sehemu ya kazi hii inayoweza kukuua. Springi ya koili iliyobanwa chini ya uzito wa injini ina nguvu ya kuitupa amu na chochote kilicho mbele yake, na haitoi onyo. Chasisi isimamishwe juu ya stendi, usitegemee jeki peke yake, na mwili wako usiwe kamwe kwenye njia ambayo springi ingepita. Kwenye gari langu amu ya juu ni mkono wa shokomzoba yenyewe. Kwa hiyo huwekwa jeki chini ya sahani ya springi, lile bamba ambalo springi hukalia, jeki ikapokea uzito, ndipo bolti ya juu ya kingpini inapofunguliwa na jeki kuteremshwa polepole hadi springi iishiwe nguvu. Wapo wanaoondoa baadhi ya bolti za sahani na kuweka mahali pake vyuma virefu vyenye hesi, kisha wanaishusha sahani kwa kulegeza nati kidogo kidogo. Ni njia nzuri kwa mwenye subira. Magari mengine huhitaji kibanio cha springi, na kibanio hicho kiwe kizima, chenye hesi safi zilizopakwa grisi. Kalipa ifungwe kwa waya kwenye chasisi, isining'inie kwenye mpira wake. Na kabla ya yote haya, gari likiwa bado chini mahali tambarare, pima urefu kutoka katikati ya habu (kitovu cha gurudumu) hadi ukingo wa madigadi, pande zote mbili, na uandike. Vipimo hivyo utavihitaji baadaye.

Bolti za gari la umri huu huwa zimeshikana na bomba la ndani la bushi kwa kutu. Zipulizie mafuta ya kupenya kutu siku kadhaa kabla, na ukianza, jaribu kwanza kuizungusha bolti ndani ya bomba kabla ya kuigonga, kwani ikikubali kuzunguka itakubali pia kutoka. Ukilazimika kutumia nyundo, iache nati kwenye ncha ya hesi ili pigo lisiipanue ncha hiyo.

Bushi kuukuu hutolewa kwa presi au kwa jiliwa kubwa. Soketi ndogo husukuma upande mmoja na soketi pana hupokea upande wa pili. Kama ganda la nje la chuma halisogei, toboa raba kwa drili, toa bomba la ndani, kisha pitisha wembe wa msumeno wa chuma na ukate ganda hilo kwa urefu wake hadi karibu limalizike. Mkato wa mwisho ufanywe kwa patasi ndogo, kwa kuwa msumeno ukiingia kwenye amu yenyewe utaacha alama ambayo ufa unaweza kuanzia hapo. Kuchoma raba kwa moto ni njia ya haraka inayopendwa na wengi, nami siipendi: moshi wake ni sumu, moto huondoa rangi inayoilinda amu, na mara nyingi mafuta ya kupenya uliyopuliza jana bado yapo pale.

Amu ikiwa mezani, ikague. Tundu liwe duara kamili, pasiwe na ufa karibu na maungio, na kutu yote ya ndani iondolewe kwa msasa hadi chuma kionekane. Kama bushi zako zina nafasi wazi ndani ya raba, zile zinazoonekana kama mwezi mchanga, huwa na mwelekeo maalumu, kwa hiyo weka alama kwenye amu kabla ya kuitoa ile ya zamani. Kulainisha tumia maji ya sabuni tu. Grisi ya kawaida na mafuta ya injini huila raba taratibu. Bushi ikilazwa kwenye friza usiku kucha, ganda lake husinyaa kidogo, na jambo hilo husaidia kuliko nguvu za mikono. Inapoingia, shinikizo liwe kwenye ganda la nje, wala si kwenye bomba la ndani, vinginevyo utairarua raba kabla haijaonja barabara. Kama tundu lina kuta mbili zilizo mbalimbali, weka kipande cha chuma katikati ili zisikunjike zinapobanwa.

Unaporudisha kila kitu mahali pake, tumia bolti na nati mpya zenye daraja lilelile la ugumu, na kotapini (vipini vya waya vinavyozuia nati isifunguke) zisirudiwe. Kisha fuata jambo hili kwa makini: bolti zinazopita kwenye bushi zikazwe kwa vidole na spana hadi zishike tu, zisikazwe kabisa magurudumu yakiwa yananing'inia.

Sababu yake iko kwenye muundo wa bushi. Bolti ikikazwa, bomba la ndani hubanwa na kuta za chasisi na haliwezi kuzunguka tena, huku ganda la nje likiwa limeshikwa na amu. Amu inapopanda na kushuka, raba iliyo kati yake hujipinda, kama kitambaa kinachokamuliwa, kisha hurudi. Hapo ilipofungwa ndipo inapopahesabu kuwa pa kupumzikia. Ukiikaza amu ikiwa imening'inia hadi chini kabisa, gari likishuka raba itakuwa tayari imepindwa hata likiwa limeegeshwa, na kila tuta litaongeza pindo juu ya pindo hilo, hadi raba ibanduke kwenye chuma chake. Zaidi ya hayo, raba iliyopindwa hufanya kazi ya springi ya ziada, kwa hiyo gari hukaa juu kuliko kawaida, na mwenye gari huanza kuzilaumu springi zisizo na hatia. Bushi ambazo bomba lake huteleza ndani, kama zile za poliurethani, hazina sharti hili, na labda ndiyo sababu baadhi ya mafundi husema hudumu zaidi, kwa kuwa zinastahimili ufungaji wa haraka.

Njia ninayoipendelea ni kurudisha magurudumu, kuliteremsha gari chini, kulisukuma mbele na nyuma mita chache, kisha kulipandisha juu ya mbao nene au vipandio imara vilivyo sawa. Usukumaji huo una maana yake: gari linaposhushwa kutoka kwenye jeki, matairi hushika ardhi na kuuzuia upana wa magurudumu usirudi ulivyokuwa, hivyo sehemu ya mbele hubaki imeinuka. Libonyeze mara kadhaa, linganisha na vipimo ulivyoandika, kisha kaza kwa spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) kufuata kitabu cha gari lako. Kama huna nafasi ya kuingia chini, acha gari kwenye stendi na uinue ncha ya nje ya amu kwa jeki hadi kipimo cha habu na madigadi kirudi palepale. Ukiona bodi inaanza kuachana na stendi, simama, njia hii haikufai kwa gari lako. Nati zenye matundu ya kotapini zikifika kwenye torki bila tundu kulingana, songa mbele hadi tundu linalofuata, usirudi nyuma. Na kama umeweka springi mpya kwa wakati mmoja, liendeshe gari kwa siku chache zikae, kisha zilegeze bolti hizo gari likiwa limesimama kwa uzito wake na uzikaze upya.

Fanya pande zote mbili, hata kama mmoja unaonekana mzima, kisha peleka gari kwenye alaimenti, yaani urekebishaji wa pembe za magurudumu, kwani pembe zilizorekebishwa wakati bushi zimelegea hazitakuwa sahihi tena. Baada ya kilomita mia mbili hivi pitisha spana kwenye bolti zote. Iwapo mlio wa kugonga utabaki, usirudi kwenye bushi ulizozifunga. Angalia viungo vya stabilaiza, mafuta ya shokomzoba, na ile raba ndogo ya kuzuia amu isigonge chasisi, ambayo kwenye magari mengi ya zamani huwa imekwisha kuanguka bila mtu kujua.