Kabla hujanunua chensoo ya kupogolea mikorosho

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya kupogolea, nimewavumilia vya kutosha. Korosho zimeshaenda mnadani, wakulima wameshika hela, na sasa kuanzia Newala mpaka Nachingwea kila shamba linalia chensoo. Kila nikipita nawakuta mmebeba mashine za kuangushia magogo, mnakwenda kukata tawi lenye unene wa mkono. Nikiuliza kwa nini, jibu ni moja: "Bro, hii ni 58." Hamsini na nane ya nini? Haya, kaeni tuongee. Kuwasha mnajua, sitaanzia huko.

1. Namba ya kwenye stika haikati mti

Zile za Kichina zilizoandikwa 5800, ambazo mnadhani zina cc 58, nyingi silinda yake ina kipenyo cha milimita 45.2 na pistoni inasafiri milimita 34. Piga hesabu mwenyewe, utapata kama cc 54 na nusu. Sizitukani. Kwa mwembe uliokauka au kukatakata kuni zilizolala chini, zinafanya kazi, na bei yake inavumilika. Ila ukishaifunga baa (ule ulimi wa chuma unaozungukwa na cheni) ya inchi 20 au 22, ukaitia petroli na oili, inasogelea kilo 8. Sasa ishike hiyo ukiwa umeinama chini ya mkorosho mzee ambao matawi yake yamelala mchangani. Saa nne mikono inatetemeka. Saa tano umeanza kuiegemeza mashine kwenye paja huku cheni inazunguka, na mimi napita njiani nafumba macho.

Za kazi hii ni ndogo. STIHL MS 170 ina cc 30.1, MS 180 ina 31.8. Bodi ni ileile, kilichobadilika ni silinda, moja milimita 37 na nyingine 38, na zote zinacheza kwenye kilo 4 bila baa na cheni. Kwa matoleo tuliyoyazoea, 170 inatoa kilowati 1.2 na 180 inatoa 1.4. Mimi huwa namwambia mtu ajikaze aongeze hela achukue 180, kwa sababu nguvu imepanda na mkono haujaongezewa mzigo. Husqvarna 120 ina cc 38, watu wanaisifu kwa hiyo 38, lakini nguvu yake nayo ni kilowati 1.4 na uzito unakaribia kilo 5. Ni mashine nzuri, nimeishika, siisemi vibaya. Ni hiyo karibu kilo nzima ya ziada tu, na wewe utaibeba kutwa.

2. Anza na duka la spea

Kabla ya kutoa hela, zunguka maduka ya mji unaofanyia kazi, Masasi, Mtwara, Lindi, popote ulipo, uulizie cheni, spoketi, plagi na chujio la petroli la mashine unayoitaka. Ukiambiwa "agiza Dar" kwa vyote vinne, hiyo mashine ni ya Dar. Kwa hili niwe mkweli, Mchina anawashinda wengi: spea za 5200 na 5800 zinaingiliana, na hata fundi wa pikipiki anazifungua bila woga. Asiye na hela ya mashine nyingine namwambia achukue hiyo, aifunge baa fupi, na akubali kwamba kabureta ataisafisha mara kwa mara.

Halafu rangi ya chungwa na nyeupe haimaanishi STIHL. Tafuta namba ya mashine iliyogongwa kwenye bodi, dai risiti yenye namba hiyohiyo, na muuzaji akianza kucheka unapotaja waranti, rudisha hela yako mfukoni.

3. Usiihukumu mashine kwa cheni yake

Hili ndilo lililonifanya niandike. Juzi njia ya Tandahimba nimemkuta kijana amekaa kwenye kisiki, ana tupa bapa, anasaga vile vijino vifupi butu vinavyotangulia mbele ya kila jino la kukata. Anasaga kwa bidii kweli, ulimi nje. Nikamuuliza, akasema cheni imekuwa nzito kula, kuna mtu amemwambia "punguza mbele".

Vijino vile ndivyo vinavyolipimia jino lichimbe kiasi gani. Kwa cheni ya hizi mashine ndogo, ile ya kipimo cha 3/8 nyembamba, kijino kinatakiwa kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65, basi. Ukikisaga zaidi, jino linang'ata bonge, na injini ya cc 31 haina ubavu wa kuling'oa.

Nimeshalifanya jambo hilo, na lilinigharimu. MS 180 yangu ya kwanza nilipewa na mjomba. Yeye alikuwa mtu wa mbao, ujana wake wote ameumaliza na STIHL 070, lile dude la cc 106 ambalo hata bila baa linapita kilo 10. Mgongo ulipomkatalia akanunua hiyo ndogo kwa ajili ya mikorosho yake ya Kitangari, baadaye akanikabidhi mimi pamoja na tupa ya duara ya milimita 4. "Hii usiilazimishe," akaniambia, na maelezo yakaishia hapo. Wazee wetu mnawajua.

Nilikwenda nayo mpaka makali yalipoanza kupungua. Siku hiyo tupa ya mjomba nimeisahau nyumbani, nikaazima ya mwenzangu wa 5800, ambayo ni milimita 4.8. Nene kwa cheni ile. Jino likabaki limesimama wima halina mdomo, mashine ikawa inatoa unga mwembamba kama wa muhogo badala ya vipande. Mwenzangu akatazama, akanipa ushauri uleule: punguza mbele. Nikapunguza. Nikaona haitoshi, nikapunguza tena, mpaka vijino vyote vikawa sawa na uti wa cheni.

Nilipogusa tawi, ikalidaka, ikanivuta, ikazima. Nikawasha, nikagusa, ikazima. Nikaikandamiza (ile niliyoambiwa nisiilazimishe), klachi ikaanza kunuka. Mbele ya mwenye shamba, amesimama na kofia yake, ananihesabia mikorosho. Nikatangaza kwa sauti kwamba mashine imechoka, injini imekwisha. Nilivyolisema kwa uhakika, na mimi mwenyewe nikaliamini.

Nikaiuza kwa jamaa mmoja wa Nanyamba, kwa bei ambayo mpaka leo mke wangu haijui. Yule bwana alipitisha kidole gumba juu ya cheni, taratibu, jino kwa jino. Akanitazama. Halafu akalipa harakaharaka, hata hakuomba nimpunguzie. Mtu wa huku kununua kitu bila kuomba apunguziwe! Ile peke yake ilitosha kunishtua, lakini mimi nilikuwa tayari naiwaza 58 yangu.

Msimu uliofuata tukakutana mashamba yanayopakana. Mashine niliitambua kwa mshikio, mjomba alikuwa ameuzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Jamaa anakwenda mstari mzima bila kupumzika, vipande vinaruka vikubwa, vyeupe. Mimi na 58 yangu tumekaa kivulini. Nikaenda kumuuliza ameifanyia nini injini. "Injini? Nimenunua cheni mpya," akasema, na kwa heshima yake hakucheka mpaka nilipogeuka.

Mjomba aliposikia hakufoka. Aliuliza swali moja: "Na tupa umempa?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi umemuuzia mashine nzima. Wewe umenunua kelele."

Kwa hiyo: cheni ya 3/8 nyembamba tupa milimita 4, cheni ya .325 ya hao akina 5800 tupa milimita 4.8. Kila jino misukumo sawa, upande huu na upande huu. Ukiona unga, simama unoe. Vijino vya mbele vipime kwa kipimio chake, usikisie kwa jicho. Na mkitaka kulinganisha mashine mbili, zote zifungwe cheni mpya kwanza, ndipo mbishane.

4. Mambo mafupi ambayo bado mnakosea

Cheni hainunuliwi kwa inchi peke yake: hesabu meno ya chini, yale yanayoingia kwenye mfereji wa baa, maana MS 180 ya baa ya inchi 14 inachukua 50 na ya inchi 16 inachukua 55.

Petroli, kwa oili nzuri ya 2T inayoruhusu 1:50 ni mililita 20 kwa lita, kwa oili ya kawaida fuata 1:25, mililita 40. Oili ikizidi utaona moshi, ikipungua utanunua pistoni. Masalia ya petroli yaliyobaki kwenye bomba la kupulizia salfa tangu mwaka jana msiyatie humu, yameshaoza.

Oili chafu ya pikipiki kwenye tangi la oili ya cheni inaziba pampu. Najua ni ya bure.

Tawi lililogusa chini lina mchanga kwenye gome. Lipanguse kwanza au ulikatie juu zaidi, mchanga wa huku unamaliza makali kwa mguso mmoja.

Tawi nene linaanzwa kwa chini kidogo, halafu juu, lisije likachana gome mpaka kwenye shina. Na mashine isipande juu ya bega lako. Nimewaona mnapanda mtini nayo na kandambili.

5. Hizi za betri

Mnaniuliza sana kuhusu vile vidogo vya inchi 4 na 6. Vimeandikwa volti 48, wengine 88, Mungu anajua. Betri nyingi za aina hiyo ukizifungua zina seli tano za lithiamu, na seli tano zikijaa ni volti 21. Kwa machipukizi na vitawi vya unene wa kifundo cha mkono ni vitamu, mkono mmoja, havina kelele, na mama mwenye miti michache nyuma ya nyumba havina haja ya kumtisha. Kwa kazi ya kulipwa utamaliza betri kabla ya mstari wa pili. Nunua kiwe msaidizi wa 180, kisiwe mbadala wake.

6. Majimoto

Hili hakuna duka litakalokwambia. Mkorosho una majimoto, wale sisimizi wekundu wakali, na ukitikisa tawi wanaingia kwenye kola. Zima mashine KWANZA, ndipo ujikune. Usiwapige dawa pia, wanamlindia mkulima mti dhidi ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi. Chagua matawi yasiyo na viota kadiri unavyoweza, na yenye viota kata mwisho, ukiwa umeshajua utakimbilia upande gani.

Na ukimaliza korosho, mtu akikuita ukamkatie mninga au mpingo pembeni ya shamba, muulize kibali kabla hujauliza malipo. Wakikukamata watu wa misitu, mashine ndiyo inayotangulia kituoni.

Anayetaka kuonyeshwa kunoa, Jumamosi mchana nipo nyumbani. Aje na cheni yake na tupa yake, milimita 4. Yangu siazimishi.