Pua baada ya upasuaji haijaniridhisha: nirudie?

SWALI: Miezi saba iliyopita nilipasuliwa pua kuondoa nundu ya mgongo wa pua na kupunguza ncha. Juu kidogo ya ncha pamebaki kinundu, na nikilala tundu la kulia halipitishi hewa vizuri. Daktari mwingine yuko tayari kunipasua mwezi ujao. Nikubali?

JIBU: Pole sana, dada. Mwezi ujao hapana. Ncha ndiyo sehemu ya mwisho kupungua uvimbe. Kwa kawaida husubiriwa angalau miezi 12, na mwenye ngozi nene hata 18 au zaidi. Ukipasuliwa sasa, daktari atakuwa anachonga uvimbe na kovu ambalo bado ni bichi.

Kinundu hicho kinaweza kuwa uvimbe, kovu, au gegedu (ile tishu ngumu inayonyumbulika inayoipa pua umbo) lililoachwa juu kupita kiasi. Kikiwa kovu, sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi ya kulainisha kovu, kwa dozi ndogo, ikirudiwa baada ya wiki kadhaa, huweza kukipunguza bila kisu. Dozi ikizidi, ngozi hukonda na kuacha kishimo, kwa hiyo asiharakishwe anayekuchoma. Kikiwa gegedu, sindano haitasaidia.

Pumzi ndiyo inayotupa wasiwasi zaidi. Weka kidole shavuni kando ya tundu la kulia, vuta ngozi taratibu kuelekea sikioni, kisha vuta hewa. Hewa ikipita vizuri zaidi, huenda ukuta wa pembeni umepoteza mhimili na unaanguka ndani unapovuta pumzi. Hutokea nundu inapoondolewa bila kuimarisha kilichobaki. Isipobadilika, huenda tatizo liko ndani zaidi, mathalani ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili, ukiwa umepinda. Kipimo hiki ni dokezo tu, daktari lazima achungulie ndani.

Watu wengi hudhani upasuaji wa pili ni kupunguza tena. Mara nyingi ni kurudisha kilichotolewa, na gegedu la kurudishia lazima litoke mahali. La kwanza kutafutwa ni la ukuta wa kati, lakini ukanda wa takriban sentimita 1 mbele na juu hauguswi, la sivyo pua hudidimia. Likiwa limeshatumika, huchukuliwa la sikio, ambalo ni laini na limejikunja, linafaa nchani na kwenye mabawa ya pua. Kujenga upya mgongo mzima huhitaji la ubavu: lina nguvu, ila huweza kujipinda baadaye, na kifua huuma kwa muda.

Kwa hiyo tumia miezi hii kuomba ripoti ya upasuaji wa kwanza: gegedu gani lilitolewa, kiasi gani, na kama kuna kipandikizi cha silikoni ndani. Kusanya picha za kabla. Muulize daktari mpya ni lipi hawezi kulirekebisha. Asiyetaja hata moja, mwache. Kama unavuta sigara, acha walau wiki 4 kabla na 4 baada, maana ngozi iliyokwisha kupasuliwa hupata damu kwa shida.

Usikubali kujazwa jeli ya sindano ili kuficha kasoro. Mishipa ya damu katika pua iliyopasuliwa imehama njia zake, na jeli ikiingia kwenye mshipa ngozi huweza kufa, hata jicho kupofuka.

Usaha, homa, au ngozi kuwa nyekundu na kung'aa juu ya kipandikizi havisubiri mwaka: nenda hospitali siku hiyohiyo.