Mkemia Anajibu: Umeme na maji ya dawa ya magugu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi hupulizia dawa ya magugu ya 2,4-D shambani, na kila nikiosha bomba nabaki na ndoo ya maji yenye dawa. Nimesoma kwamba umeme unaweza kuing'oa klorini kwenye dawa hiyo na sumu ikaisha. Nina betri ya gari, misumari na chumvi. Nikiyapitishia maji hayo umeme, naweza kuyamwaga popote?

JIBU: Marahaba. Tafadhali usijaribu. Ulichosoma ni kweli, na ndiyo kazi yangu ya kila siku maabara, lakini betri na misumari havitakufikisha huko.

Molekuli ya 2,4-D ina atomu mbili za klorini zilizoshikamana na pete ya kaboni. Kwenye kathodi, yaani upande hasi, kila klorini hutoka baada ya molekuli kupokea elektroni mbili. Haidrojeni hukaa mahali pake, na klorini huingia majini ikiwa kloridi, ileile iliyomo kwenye chumvi ya mezani. Zikitoka zote mbili, inabaki asidi ya fenoksiasetiki. Hiyo si dawa ya magugu tena, na bakteria huimudu kwa urahisi zaidi.

Sisi hutumia chombo cha vyumba viwili vilivyotengwa na utando. Kathodi ni wavu uliopakwa paladi, metali inayoshika atomu za haidrojeni usoni mwake na kuzikutanisha na dawa. Majini tunatia salfeti ya sodiamu, kamwe si chumvi ya mezani. Kila baada ya muda navuta maji kidogo kwa pipeti, naongeza tone la asidi ya naitriki, kisha tone la naitreti ya fedha. Mwanzoni hakuna kinachotokea, kwa kuwa klorini iliyofungwa kwenye kaboni haimenyuki na fedha. Umeme ukishafanya kazi, tone lilelile huleta ukungu mweupe, halafu chembe nyeupe zinatuama chini. Hiyo ni kloridi iliyoachiliwa, na mpaka leo nikiiona nafurahi.

Lakini ukungu huo hauniambii kimebaki nini, na hapo ndipo ninapokuomba uwe makini. Ikitoka klorini moja tu, unaweza kubaki na asidi ambayo bado inavuruga ukuaji wa mimea. Viwandani, pikloramu, dawa nyingine ya magugu yenye klorini tatu, hunyang'anywa moja kwenye kathodi ya fedha ili kupata aminopiralidi, ambayo nayo ni dawa ya magugu, tena inauzwa! Lindeni, dawa ya kuua wadudu, ndiyo inayonitisha zaidi: ukiiondolea klorini zake zote sita unapata benzini, na benzini husababisha saratani. Kwa hiyo hatuishii kwenye ukungu. Tunapima kila kilichobaki.

Sasa misumari yako. Ule wa upande hasi utatoa zaidi mapovu ya haidrojeni, gesi inayolipuka, na dawa haitaguswa sana. Ule wa upande chanya utaliwa na kuwa tope la kutu. Sehemu ya dawa inaweza kunata kwenye tope hilo, maji yakaonekana safi wakati sumu imehamia chini ya ndoo. Ukitumia kijiti cha kaboni badala ya msumari, ndiyo hatari zaidi: chumvi yako itatoa gesi ya klorini, na klorini hiyo inaweza kuunda michanganyiko mipya yenye klorini. Utakuwa umeirudisha uliyotaka kuitoa.

Hata hesabu haikusaidii. Gramu 1 ya 2,4-D, kama hakuna elektroni hata moja inayopotea, inataka ampea 1 kwa karibu nusu saa. Katika maji yenye dawa kidogo kama yako, umeme mwingi huishia kwenye haidrojeni.

Fanya hivi: osha bomba palepale shambani mara tatu, kila mara kwa maji kidogo, na maji hayo yapulizie kwenye eneo ambalo lebo inaruhusu dawa hiyo, bila kuzidisha kipimo. Kaa mbali na kisima, mtaro na mto. Ukipanga mapema kiasi cha kuchanganya, ndoo yenyewe haitakuwepo.

SWALI: Je, njia hii inafaa kwa dawa nyingine ya magugu, glifosati? Na zile kemikali za florini zinazosemwa haziozi?

JIBU: Glifosati haina klorini, kwa hiyo hapo hakuna cha kung'oa. Kuhusu florini, mpangilio ni huu: iodini hutoka kwa urahisi kuliko zote, ikifuatiwa na bromini, kisha klorini. Florini imeshikwa na kaboni kwa nguvu mno, na kathodi ya paladi inayoimaliza 2,4-D haiwezi kuzivunja kemikali hizo.