Nyumba za kale za Ujiji na Tabora: maswali yenu

Nyumba ya babu ina kuta za udongo. Tuliipiga plasta ya saruji, sasa inabanduka na vipande vya ukuta. Tufanyeje? (Ujiji)

Msiirudie saruji. Ukuta wa udongo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia uso wake. Saruji huziba njia hiyo, maji yakabaki nyuma ya plasta na udongo ukalainika.

Shughulikieni maji kwanza. Ondoeni udongo uliojaa nje chini ya ukuta mpaka ardhi iwe chini ya sakafu, kisha wekeni mteremko. Bati litokeze walau sentimita 60. Bandueni saruji polepole kwa tindo. Iliyong'ang'ania iacheni, maana kuilazimisha hung'oa ukuta wenyewe.

Kiangazi kikishaukausha ukuta, zibeni kwa udongo uleule ulioanguka. Changanyeni na nyasi zilizokatwakatwa, lowekeni siku tatu, kandeni kwa miguu. Lowanisheni ukuta kabla ya kupaka. Kila tabaka lisizidi sentimita 2, na likauke kabla ya jingine. Likipasukapasuka, mfinyanzi umezidi: ongezeni mchanga.

Chokaa niliyopaka inabaki mkononi nikiigusa. (Tabora)

Pengine ilikuwa nzito, ukutani pakavu, na jua kali. Chokaa hushika polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni, na huhitaji unyevu. Sugua hiyo vumbi itoke. Loweka chokaa mpya usiku kucha, ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Lowanisha ukuta, paka jioni, mikono mitatu au minne, kila mkono siku yake. Vaa miwani; inaunguza macho.

Mtu anataka kununua mlango wetu wa kuchonga aupeleke nje ya nchi. Inaruhusiwa? (Ujiji)

Kama ulichongwa kabla ya 1940, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inaulinda, pamoja na fremu yake. Hautoki nchini bila kibali. Zungumzeni na maofisa wa Mambo ya Kale kabla ya kupokea hata shilingi ya rubuni. Kwa maoni yetu, ubaki: nyumba iliyong'olewa mlango wake haidumu. Gongeni miimo chini. Ikitoa sauti ya uwazi, mchwa wameshaingia, na mara nyingi ni kwa sababu mbao zinagusa udongo.

Reli ilifika Kigoma lini? (Kigoma)

1914, miaka miwili baada ya Tabora.