Sugu za viganja: weka wembe chini

Ndugu, umeuliza kama uzikate kwa wembe sugu zinazochanika ukining'inia kwenye chuma cha mazoezi. Hapana, tafadhali! Sugu ni ngao ya kiganja. Inayoleta shida ni ile iliyoinuka kama kijilima, maana chuma huikunja na kuing'oa. Ukitoka kuoga, ngozi ikiwa bado laini, isugue taratibu kwa jiwe la kusugulia miguu mpaka ilingane na ngozi ya pembeni, lakini usiimalize. Usiku paka mafuta. Halafu shika chuma pale vidole vinapoanzia, si katikati ya kiganja. Hilo ndilo lililoniokoa mimi. Ikishachanika, osha kwa sabuni, funika, usining'inie hadi ipone. Kama una kisukari, mwone daktari kwanza.