Spotilaiti zinachemsha swichi

SWALI: Nimefunga spotilaiti mbili za halojeni, wati 55 kila moja, kwenye bampa ya Hilux. Swichi inapata moto na stika ya njano niliyobandika kwenye vioo vya taa imekunjamana. Nifanyeje?

JIBU: Zikiwaka pamoja zinavuta ampea 9 hivi, mzigo huo usipite kwenye swichi. Funga rilei ya ampea 30, yaani swichi inayowashwa na umeme mdogo wa swichi yako, yenyewe ikabeba mzigo wa taa. Pini yenye namba 30 kwenye rilei ipokee waya wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, fyuzi ya ampea 15 ikae jirani na betri. Pini 87 iende kwenye taa, 86 kwenye swichi. 85 na waya hasi za taa zifungwe kwenye bodi palipokwanguliwa rangi. Wengi husahau kukwangua, taa zikafifia.

Stika imeshindwa na joto la halojeni. Ibandue, weka balbu za njano.