"Inadaiwa" haimwokoi mhariri

Waandishi wengi wa Kenya hujificha nyuma ya neno "inadaiwa". Neno hilo si kinga. Ukichapisha tuhuma iliyotolewa na jirani, umetuhumu wewe, na ukijitetea kwa ukweli utatakiwa kuthibitisha kwamba fulani aliiba, si kwamba yupo aliyesema aliiba.

Tangu Februari 2017, Mahakama Kuu ilipobatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, si kosa la jinai tena chini ya kifungu hicho. Fidia imebaki, na si ndogo. Sheria ya Kashfa, Sura ya 36, inasema ukimsingizia mtu kosa ambalo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 3, fidia haitashuka chini ya shilingi 400,000. Kosa la kunyongwa, milioni 1. Wizi wa kawaida adhabu yake hufika miaka 3, kwa hiyo "mwizi" ni neno la kupimwa kabla ya kuandikwa.

Ripoti ya kesi gazetini ina kinga kamili ikiwa sahihi na isiyopendelea. Kinga hiyo inahusu yaliyosemwa kortini, si maneno ya wakili akiwa nje wala minong'ono ya polisi. Andika "ameshtakiwa kwa wizi", na useme kama alikana. Mara nyingi habari yenyewe huwa safi. Balaa huanzia kwenye kichwa, pale "ashtakiwa" linapokatwa ili herufi zitoshee, au picha ya maktaba ikawa ya mtu mwingine mwenye jina hilohilo. Kusema hukukusudia hakufuti kosa.

Mtuhumiwa mpelekee maswali kwa maandishi, kila tuhuma peke yake, na umpe muda wa kujibu. Kumpigia simu saa mbili usiku, gazeti likienda mtamboni saa tatu, si kumsikiliza.

Mlalamishi ana miezi 12 ya kushtaki, na anaweza kufungua kesi siku za mwisho, hati zikakufikia baadaye. Tunza daftari, rekodi za sauti na jumbe kwa angalau miaka 2.

Barua ya wakili ikifika, usimjibu mitandaoni wala usifute habari kimyakimya. Hifadhi nakala kwanza, mwite wakili wako, kisha, kama mlikosea, ombeni radhi mapema, mahali palepale habari ilipotokea, bila kuirudia tuhuma. Radhi haiui kesi, lakini hupunguza fidia. Ile ya mistari miwili ukurasa wa 30, wakati kashfa ilikuwa ukurasa wa kwanza, humkasirisha hakimu.